Viatu Visivyotundikwa

Elva Schurmann hakuwa mtu wa kuamini kitu kabla hajakigeuza akaona chini yake. Yai alilitikisa sikioni. Mkate wa dukani aliuminya. Utabiri wa mvua aliusikiliza redioni mpaka mwisho, kisha akatoka nje kunusa upepo mwenyewe. Na wachezaji wapya wa klabu ya Yarrimbool aliwapima vivyo hivyo kila mwaka ifikapo Machi, kupitia dirisha la jikoni la jumba la klabu, kisu cha viazi mkononi.

Dirisha lile linatazama uwanja mzima, kutoka nguzo nne za goli upande wa maghala ya ngano hadi nguzo nne za goli upande wa barabara. Jumanne na Alhamisi wanaume wakiwa mazoezini, kina mama hupika chakula cha jioni cha klabu, kwa hiyo kikosi chetu hupimwa mara mbili. Kocha hukipima uwanjani, halafu jikoni hukipima upya. Ukitaka ukweli, uliza jikoni.

Mwaka huo kulikuwa na sababu ya kukaza macho. Msimu uliotangulia Yarrimbool hawakushinda hata mchezo mmoja. Wakubwa wa ligi walikuja, wakala skonzi za Elva, wakafuta midomo, wakasema mkiburura mkia tena tutawaunganisha na Tarwick. Kuunganishwa ni neno la adabu tu. Maana yake jezi ya kahawia na dhahabu inawekwa kwenye kabati la kioo, mechi zinachezwa Tarwick, mji wa jirani, na uwanja wetu unapandwa shayiri. Benki ilishafungwa. Shule ilishafungwa. Treni inapita bila kupunguza mwendo. Ukiondoa klabu, watu wa Yarrimbool watabaki kuonana makaburini.

"Haya, wifi," alisema Dulcie, dada wa marehemu mume wa Elva, akiwa amesimama naye kwenye sinki. "Nani yule anakimbia kama bata?"

"Mtoto wa kina Kuhne. Babu yake alikimbia vilevile, na hakuwahi kuufikia mpira mpaka anazikwa."

"Na yule wa nywele ndefu?"

"Mguu wa kushoto tu. Wa kulia ni wa kusimamia."

"Lo! Na yule?"

Yule hakuhitaji kuonyeshwa kwa kidole. Mwamuzi aliudundisha mpira wetu wenye umbo la yai katikati ya uwanja, ukaruka juu, na kijana mmoja mrefu akaondoka ardhini kama aliyekanyaga nyoka. Aliufikia mkono mzima kabla ya wenzake, akaupiga kofi ukaenda kuanguka pale hasa alipotaka. Jina lake Brodie Tamsett. Alikuwa fundi umeme kwenye ile mitambo mipya ya upepo kilimani.

"Huyo ndiye atakayetuokoa," alisema Dulcie.

"Huyo ndiye anayenitia shaka," alijibu Elva. "Mrukaji wa namna hiyo anatafuta nini Yarrimbool? Kondoo aliyenona haendi mwenyewe kwenye malisho makavu."

"Wewe hata malaika akija utamuuliza mabawa kayanunua wapi."

"Nitamuuliza, ndiyo. Na nitayavuta."

Shaka ya Elva haikuwa ya bure. Kwetu, mchezaji anayekusudia kubaki hutundika viatu vyake kwenye ndoano iliyo chini ya namba yake, tangu siku ya kwanza ya mazoezi. Viatu hulala hapo mpaka msimu uishe Septemba, vinanuka, na hakuna anayelalamika. Brodie alipewa ndoano namba ishirini na saba, nzuri, karibu na mlango. Kila jioni alivua viatu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaondoka navyo. Halafu pikapu yake aliiegesha ikitazama lango la kutokea, wakati wenzake wote huegesha kutazama uwanja. Halafu kuna lile la sahani. Alikula vizuri, akashukuru vizuri, kisha akaomba sahani ya pili, akaifunika kwa karatasi ya foili, akaingia nayo garini. Na hakuelekea nyumba ya zamani ya mwalimu alikopanga. Alishika barabara ya Tarwick.

"Tarwick!" Elva alimwambia Dulcie. "Umeona?"

"Nimeona mtu anaendesha gari."

"Walivyomchukua Kelvin Obst ilikuwa hivihivi. Wiki ileile aliyofunga mabao kumi. Alianza kwa kwenda kununua msumeno Tarwick, akarudi na jezi yao."

"Kelvin Obst ana vitukuu sasa, wifi."

"Na wote wanachezea Tarwick."

Hapa lazima niseme jambo ambalo Elva mwenyewe hakupenda lisemwe. Alizaliwa Tarwick. Alikua Tarwick, akacheza netiboli Tarwick mpaka miaka kumi na tisa, akaolewa na Clarrie Schurmann, mfungaji wa Yarrimbool, akahamia huku. Kwetu mpira wa wanaume na netiboli ya wanawake ni klabu moja, uwanja na kiwanja bega kwa bega, mechi siku moja. Jumamosi ya kwanza baada ya harusi alicheza dhidi ya dada zake wa tumbo moja, amevaa kizibao cha Yarrimbool chenye herufi GD, yaani mlinzi anayembana mfungaji wao. Baba yake aliyekuwa ameegesha kando ya kiwanja hakupiga honi kushangilia siku hiyo, wala hakunywa chai nyumbani kwake kwa mwaka mzima. Elva alikivaa kizibao hicho mpaka alipopata mtoto wa tatu. Baadaye kikavaliwa na binti yake, na sasa na mjukuu wake Tahlia. Herufi zilipochakaa alizishona upya mwenyewe. Na bado, ukikosana naye Yarrimbool, utasikia watu wakisema, "Aa, yule? Yule ni wa Tarwick." Labda ndiyo maana alilinda lango la mji kuliko waliozaliwa ndani yake.

Na alililinda kweli. Mtu asiyemjua akisogea dirishani jikoni, alijibiwa kwa swali. Hata Februari, msichana mmoja mrefu alipokuja na kuuliza nani anapanga timu ya netiboli, Elva alimtazama suruali yake ya kazi yenye nembo ya mitambo ya upepo, akajua ni wale wanaokuja kupima mashamba ya watu. "Nani anauliza?" akamwambia. Kabla hajajibiwa akaongeza, "Nafasi zimejaa." Akateremsha pazia la bati.

Alhamisi moja Elva alimvizia kocha. Kocha ni Murray, mtoto wa Dulcie, mkulima wa shayiri na dengu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo.

"Murray, mrukaji wako ulimpata wapi?"

"Alinipigia simu mwenyewe, anti."

"Mwenyewe!"

"Mwenyewe. Kaniambia kapata kazi huku, anataka kucheza."

"Na wewe hukushtuka?"

"Nilimshukuru Mungu, anti."

"Mungu hagawi warukaji, Murray. Ametunyima tangu uko shule. Ukienda mnadani kununua kondoo dume, unatazama nini?"

Murray alikuna kisogo. "Meno. Kwato. Mgongo."

"Na unauliza nini?"

"Kwa nini anauzwa."

"Sasa huyu?"

"Nimemtazama magoti, anti, mgongo, mapafu, kila kitu. Yuko safi."

"Umemuuliza kwa nini anauzwa?"

Murray akatazama viatu vyake mwenyewe. Mlango wa kuhama klabu ulikuwa bado wazi mpaka katikati ya msimu, na wote wawili walilijua hilo.

Jumanne ya mwisho kabla ya mechi ya ufunguzi, Brodie alipotoka na sahani yake ya foili, Elva alivua aproni.

"Unaenda wapi?" aliuliza Dulcie.

"Kupunga upepo."

"Upepo wa upande wa Tarwick?"

"Unakuja au unabaki na masufuria?"

Dulcie alikuja. Jua lilikuwa bado juu ya mashamba. Barabara ya Tarwick imenyooka kama uzi wa fundi, na anayefuatwa humwona anayemfuata tangu mbali, kwa hiyo Elva hakuifuata pikapu, alifuata vumbi lake. Alishika usukani kwa mikono miwili, pua karibu na kioo.

"Anaenda kwa kocha wao," alisema. "Utaona. Sahani ile ni ya kocha wao."

"Tarwick hawana viazi?"

"Ni ishara, Dulcie. Watu wana ishara zao."

Vumbi halikuishia kwa kocha. Liliishia kwenye kiwanja cha netiboli cha Tarwick, ambapo wanawake walikuwa mazoezini. Brodie aliegemea uzio na sahani yake. Lakini moyo wa Elva haukutulia, kwa sababu aliyekuwa ameegemea uzio pembeni yake, anacheka, anampa chupa ya bia baridi na kumpigapiga mgongoni, alikuwa ni huyohuyo kocha wa mpira wa Tarwick.

"Nilikuambia nini?" alinong'ona Elva.

"Ngoja. Tazama kiwanjani."

Kiwanjani alikuwepo msichana mrefu mwenye kizibao cha GD. Mpira ulirushwa kwa mfungaji, na kabla haujafika msichana akawa ameshaushika, bila kumgusa mtu, kama aliyeletewa posta. Filimbi ya mapumziko ilipolia, alikwenda moja kwa moja uzioni, akambusu Brodie, akafunua foili na kuanza kula viazi vya Yarrimbool.

Elva alimtambua. Alikumbuka ile suruali ya kazi.

"Bi Schurmann?" Brodie alikuwa ameliona gari. Alikuja hadi dirishani, uso mwekundu. "Mmepotea njia?"

"Mimi nimezaliwa hapa, mwanangu. Siwezi kupotea. Wewe ndiye nakuuliza."

"Huyu ni mchumba wangu, Keeley. Huwa namletea chakula, akitoka kazini anakuja mazoezini moja kwa moja."

"Na kwa nini anafanya mazoezi huku wakati wewe uko kwetu?"

Keeley alikuwa amefika, kinywa kimejaa. Alimeza. "Kwenu nilikuja," alisema. "Nilikuja dirishani kuuliza. Bibi mmoja akaniambia nafasi zimejaa, akanishushia bati."

Dulcie alikohoa, akageukia upande wa ngano.

"Bibi gani?" aliuliza Elva, ingawa hakuna aliyehitaji jibu.

"Alikuwa na kisu," alisema Keeley.

Brodie alijikuna shingo. "Ukweli, Bi Schurmann, napenda Yarrimbool. Lakini Jumamosi mimi nacheza mji mmoja, yeye mwingine. Nani anaishi hivyo? Na kocha wa huku amesema akinipata mimi na Keeley pamoja..." Hakumaliza. Kocha wa Tarwick, pale uzioni, aliinua chupa yake kumsalimia Elva. Elva alikuwa amesoma na baba yake. Elva hakuinua kitu.

"Alhamisi," alimwambia Keeley. "Saa kumi na moja jioni, kiwanja chetu. Uje na viatu."

"Kwani GD yenu haina mwenyewe?"

"Nimekuambia uje."

Njiani kurudi walipita mti uliokauka ambao ndio mpaka wa miji.

"Murray mjinga," Elva alianza. "Amekagua mpaka mapafu, akasahau kuuliza mchumba wake anacheza wapi! Kila mtu anajua mchezaji hukaa kwenye netiboli ya mwanamke wake."

"Murray hakumshushia mtu bati."

Elva alibadilisha gia.

"Itabidi umpe kizibao," alisema Dulcie, kwa kuwa Elva ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye timu za netiboli.

"Thubutu! Kizibao kile ni cha Tahlia. Kabla yake cha mama yake. Kabla yake changu."

"Na kabla yako?"

Elva alipunguza mwendo. "Chako. Lakini wewe uliumia goti."

"Goti!" Dulcie aliliinua goti lake la miaka sabini na nane akaligonga kwenye dashibodi, ko! "Limewahi kuuma lini? Clarrie alikuwa anakufuata Tarwick, na Tarwick walishamwandalia jezi. Mama akaingia chumbani kwangu, akasema, kaka yako akiondoka klabu haina mfungaji, mpe yule msichana kizibao chako. Nikampa yule msichana."

Elva alitazama barabara. Miaka yote hiyo alimshuku wifi yake. Ule ubaridi wa mwanzo, ile keki ya harusi isiyoguswa, alidhani anajua vinatoka wapi.

"Kumbe hukunichukia kwa sababu ya Tarwick."

"Kwa Tarwick pia."

"Nilikuwa mchezaji bora kuliko wewe," alisema Elva baadaye, taratibu.

"Ulikuwa." Dulcie alifungua dirisha. "Kidogo."

Alhamisi Keeley alikuja na viatu. Elva alisimama pembeni ya kiwanja na kumtafutia kosa kama mtu anayetafuta chawa kwenye shuka safi. Alitazama kisigino kama kinavuka mstari. Alitazama kiwiko kama kinamsukuma mtu kwa siri. Hata pumzi aliisikiliza. Upande wa pili wa kiwanja Tahlia alicheza kwa bidii mpaka shingo ikamwiva, na Elva alimwombea aruke mara moja tu juu ya yule mgeni. Hakuruka. Mara tatu Elva alifungua mdomo amwite mjukuu wake garini, amwambie wakiwa wawili, na mara tatu alijikuta akimwambia tu afunge kamba za viatu.

Baada ya chakula, watu wakiwa wamejaa ukumbini, Murray alisoma timu za wanaume kwa ile sauti yake ndogo. Brodie Tamsett, mrukaji. Watu wakapiga meza. Kisha Elva akasimama. Hakuwahi kuhitaji karatasi.

Alipofika GD alisema, "Keeley Voss."

Aliyekuwa anakata nyama aliacha. Elva aliendelea mpaka mwisho wa timu ya kwanza, akaingia timu ya pili, na jina la mjukuu wake akalitamka wazi kama majina mengine.

Tahlia alikuja mbele akiwa bado na uma mkononi. "Bibi, umekosea."

"Sijakosea."

"Timu ya pili? Mimi?"

"Wewe."

"Kwa ajili ya huyu? Juzi tu alikuwa anafanya mazoezi Tarwick!"

"Na mimi nilitoka Tarwick, Tahlia. Na huyu ni mchezaji mzuri kuliko wewe. Ungeniomba nikudanganye?"

"Ningekuomba uniambie kwanza! Nyumbani. Siyo mbele ya watu na bakuli la karoti."

Tahlia akafungua begi lake, akatoa kile kizibao kilichofuliwa na kukunjwa vizuri, akakiweka mezani herufi juu, akatoka. Mlango wa wavu ulijipiga mara mbili. Keeley alisimama, akaketi, hakujua ashike nini. Brodie alikuwa anatazama sahani yake. Dulcie peke yake ndiye aliyeendelea kula.

Watu walipotawanyika, Elva alibaki kufagia, ingawa ilikuwa zamu ya kina Kuhne. Alifagia kuelekea chumba cha wachezaji. Akapita ndoano ya kwanza, ya tano, ya kumi na mbili, haharakishi. Chini ya namba ishirini na saba vilikuwa vimening'inia viatu viwili, kamba zimefungwa pamoja.

Elva aliegemeza ufagio ukutani. Akavishusha viatu, akavigeuza, akatazama nyayo, akatia kidole katikati ya meno ya soli, akakinusa.

"Sasa unatafuta nini?" Dulcie alikuwa mlangoni na taulo la vyombo.

"Natazama kama ni vyenyewe. Mtu anaweza kutundika vya zamani, vya kwake akaondoka navyo."

"Eee! Na umepata nini?"

"Majani ya leo." Akavirudisha kwenye ndoano, akavinyoosha vitazame mbele. "Mabichi."

Mechi ya ufunguzi ilikuwa nyumbani, dhidi ya Tarwick, kama ligi ilivyopenda. Magari yaliuzunguka uwanja pua ndani, na Elva aliegesha pale anapoegesha siku zote, kwenye nguzo ya tatu ya uzio. Kiti cha pembeni kilikuwa cha Tahlia tangu utoto. Asubuhi Tahlia alicheza timu ya pili, akacheza kwa hasira, akacheza vizuri kuliko alivyowahi kucheza msimu mzima uliopita, kisha akapita mbele ya gari la bibi yake bila kugeuza shingo na kwenda kukaa kwenye pikapu ya wenzake. Elva aliiona nafasi tupu pembeni yake na akaiwekea chupa ya chai ili isionekane tupu.

Mlango ulifunguliwa. Dulcie, ambaye tangu apate leseni aliegesha gari lake mwenyewe upande wa pili wa nguzo, aliiondoa ile chupa ya chai, akaketi, akaweka mapajani bakuli la skonzi.

"Umetia nini humu?" aliuliza Elva.

"Sumu. Kula."

Brodie aliruka mchana kutwa. Bao lilipoingia, honi zililia kuzunguka uwanja, kwanza moja moja kwa kutoamini, halafu zote, mpaka kasuku wa kijivu wakahama kwenye maghala. King'ora cha mwisho kilipolia, Yarrimbool walikuwa mbele kwa alama nne, na Murray alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, kofia usoni. Kwenye ile pikapu, Tahlia alikuwa amepanda nyuma, anapiga paa la gari kwa viganja vyote viwili. Elva alimwona. Tahlia aliona kwamba ameonwa, akaacha kupiga, kisha akaendelea.

Honi ya Elva peke yake ilikuwa haijalia.

"Piga basi!" alisema Dulcie. "Tumeshinda, we mwanamke!"

Elva alikuwa anatazama upande wa pili wa uwanja, ambapo kocha wa Tarwick alikuwa anaingia garini kwake, taratibu, bila kufoka, hata anatabasamu.

"Wametuachia," alisema. "Kuna kitu wanapanga."

Lakini mkono wake ulikuwa tayari kwenye honi, na ulipoikandamiza haukuiachia.